Mvinyo Usiosafiri

Katika barabara inayotoka Kasulu kwenda Kibondo, asali huuzwa ndani ya chupa za watu wengine. Kwenye meza za miti, hapo karibu na Makere na kwingineko, zimepangwa chupa za maji, chupa za Konyagi, chupa za plastiki zilizokwisha soda yake, na zote zimejazwa kitu kimoja kizito, cheusi kuelekea wekundu, kilichotoka porini. Kati ya hizo niliona siku moja chupa ndefu ya kioo cha kijani. Lebo yake ilikuwa imelowa na kubanduka nusu, lakini sehemu iliyobaki ilisomeka vizuri: jina la shamba, mchoro wa nyumba nyeupe chini ya mlima, na maandishi kwamba mvinyo huo ulitoka Western Cape, Afrika Kusini. Mvinyo wenyewe ulishanywewa zamani. Ndani ilikuwemo asali, na mdomo umezibwa kwa gunzi la hindi. Niliisoma anwani ya shamba lililo zaidi ya kilomita elfu tatu kutoka pale, kisha nikatazama mapori ya miombo yaliyoanza mita chache nyuma ya meza, ambayo hayakuandikwa popote. Kilichokuwemo hakikuwa na jina, na jina lililokuwepo halikuwa na chake ndani.

Chupa kama hiyo haiji yenyewe Buha, nchi ya Waha mkoani Kigoma. Mwaka 1996 ilifunguliwa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, na upande wa Kibondo kambi ya Nduta ikapokea Warundi. Tangu hapo nyanda hizi za juu zimezoea magari meupe ya mashirika, na wageni wanaotaka jioni kitu walichokizoea Nairobi au Geneva. Grosari za Kibondo mjini zikajifunza kuweka mvinyo kwenye rafu, mwekundu mtamu kwanza kwa sababu ndio unaotoka upesi, mkavu baadaye. Miaka ya karibuni barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu imekuwa ikiwekwa lami, na lami popote ifikapo hufika na makreti. Lakini chupa ya ugenini ilitangulia lami kwa muda mrefu. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley aliikatiza nchi ya Waha akielekea Ujiji. Watawala wa njiani walimdai hongo, yaani ushuru wa kupita, akatoa vitambaa mpaka roho ikamuuma, na mwisho akaamua kuwatoroka usiku na msafara wake kimya kimya. Katika mizigo ile iliyopenyezwa gizani ilikuwemo chupa ya shampeni ya Sillery, imetunzwa kwa siku ya kumpata Livingstone. Mwezi Novemba wakainywa pamoja Ujiji, kwa vikombe vya fedha. Namfikiria mpagazi aliyebeba mzigo ule, tangu pwani hadi ziwani, bila kujua ladha ya anachokibeba. Nchi aliyoipita usiku ule ilikuwa na pombe yake ya mtama na asali yake, na shampeni ikapita katikati yake na kwenda zake.

Kwa hiyo ninaposikia watu wakizungumza juu ya mvinyo wa Afrika Kusini ambao bado haujajulikana, ule unaostahili kuonjwa kabla bei haijapanda, huwa najiuliza kwanza kujulikana maana yake nini. Naamini jibu limo katika safari. Kinachosafiri ndicho kinachojulikana, na ubora huja nyuma yake. Rasi ya Tumaini Jema inatupa ushahidi mzuri. Mholanzi Jan van Riebeeck aliandika katika shajara yake kwamba zabibu za Rasi zilikamuliwa kwa mara ya kwanza tarehe 2 Februari 1659. Mwaka 1685 mtawala wa Rasi, Simon van der Stel, akapata shamba la Constantia, na baadaye ukatoka pale mvinyo mtamu wa zabibu zilizoachwa mtini mpaka zikasinyaa. Utamu ule ndio uliouvusha bahari. Mvinyo mwepesi ungeharibika katika joto la ikweta ndani ya tumbo la merikebu. Sukari ya Constantia iliuhifadhi, ukafika Ulaya ukiwa mzima, ukaingia katika nyumba za wafalme. Napoleon akiwa kifungoni katika kisiwa cha St Helena aliletewa Constantia. Mvinyo mwingine wa Rasi, ule wa kunywewa mwaka huohuo na mkulima na majirani zake, ulibaki nyumbani na haukuingia katika kitabu cha mtu.

Buha ina mvinyo wa namna hiyo, usiosafiri. Ndizi za pombe hukatwa zingali mbichi, zikafukiwa katika shimo lililopashwa joto na kutandikwa majani ya mgomba, zikafunikwa majani tena na udongo juu yake. Baada ya siku kadhaa shimo hufunguliwa, na harufu inayotoka humwambia kila jirani kwamba hapa kuna jambo wiki hii. Ndizi humenywa, zikapondwa pamoja na nyasi, mikono ikisukuma na kuvuta mpaka juisi ikajitenga na makapi, ikatiririka safi, tamu kiasi cha kuwavuta watoto na nyuki kwa pamoja. Mtama hukaangwa, husagwa, hutiwa ndani yake, na chungu hufunikwa na kuachwa mahali penye joto. Kuanzia hapo saa zinahesabiwa. Siku ya kwanza kinywaji bado kina utoto, utamu umetangulia. Siku ya pili mtama umeshafanya kazi yake, kuna uchungu kidogo nyuma ya ulimi, kuna moshi, kuna kitu kinachouma puani kwa upole. Siku ya tatu ni kikali na kinataka watu wazima. Baada ya hapo kinageuka siki, na hakuna kizibo wala lebo duniani itakayokirudisha. Ni kinywaji chenye umri usiofika juma moja, na katika siku hizo kinapitia ujana, utu uzima na uzee, na anayetaka kukijua sharti awepo.

Ndiyo maana pombe ya ndizi haikutengenezwa kwa ajili ya mtu asiyejulikana. Huwezi kuipika bila kujua nani atakuja kuinywa, maana haitamsubiri. Hupikwa kwa posa, kwa matanga yaliyomalizika, kwa majirani waliotoka kulima shamba la mwenzao tangu alfajiri. Chungu huwekwa katikati, mirija ikatumbukizwa, wazee wakainama juu yake pamoja, na mwenye nyumba huonja wa kwanza ili mgeni aone kwamba alichokaribishiwa ni salama. Ng'ambo ya mpaka, Burundi, utaratibu ni huohuo, na Warundi waliovuka kuja Nduta hawakuhitaji kufundishwa namna ya kuinamia chungu cha Waha. Kaskazini Wahaya wana rubisi yao, na mlimani Kilimanjaro Wachaga wana mbege, ambayo kimea chake ni ulezi. Ni ukanda mrefu wa migomba na mitungi, kutoka Maziwa Makuu hadi Kilimanjaro, na kila bonde lina ladha yake. Mtaalamu wa mvinyo akisikia kwamba kuna eneo kubwa hivyo ambalo kila kijiji kina kinywaji chake kinachotokana na udongo wake na mkono wake, angefunga safari kesho yake. Sisi wenyewe tunaliita jambo hilo pombe za kienyeji, tukapita.

Sitaki kuifanya Rasi kuwa adui katika simulizi hii, maana Rasi nayo ina watu wake waliobeba wasichokionja, au walioonjeshwa kwa ubaya. Mizabibu ile ilipaliliwa na watumwa walioletwa kutoka Madagaska, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia, mpaka utumwa ulipofutwa mwaka 1834, nao wakashikiliwa miaka minne zaidi kwa jina la uanagenzi. Baadaye wakaja wajukuu zao na vibarua wengine, wakalipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo duni uliogawiwa mara kadhaa kwa siku kutwa ya kazi. Sheria iliukataza utaratibu huo, lakini katika mashamba mengine uliendelea hadi miaka ya 1990, na makovu yake yapo: katika wilaya za mizabibu za Rasi, watoto wanaozaliwa wakiwa wamedhurika na pombe waliyokunywa mama zao wakati wa ujauzito ni wengi kuliko karibu popote duniani palipopimwa. Mtu wa Kasulu anaielewa habari hiyo bila kufafanuliwa sana. Kasulu na Kibondo zilikuwa ghala la vibarua wakati wa ukoloni. Wanaume walishuka kutoka milima hii kwenda kupanda treni, wakapewa namba, wakaitwa manamba, wakakata mkonge Tanga na Morogoro; mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kuwakusanya, SILABU, ili mkondo usikauke. Kamba iliyotokana na mkonge ule ilifunga mizigo ya dunia nzima, na jina la Buha halikuandikwa kwenye kamba hata moja.

Hata hivyo kuna habari ya Rasi inayonivuta zaidi, nayo ni habari ya mizabibu mikongwe. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita wakulima wa kule waliuza zabibu kwa uzito, chini ya mkono wa ushirika mkubwa wa KWV ulioanzishwa 1918. Anayelipwa kwa uzito hapendi mti mzee. Mzabibu ukizeeka huzaa kidogo; mizizi imezama mbali, shina limejipinda, vishada ni vichache na vidogo. Basi mizabibu mingi iling'olewa, na ile iliyosalia ilisalia kwa sababu shamba lilikuwa mbali, au mwenyewe maskini, au mzee mmoja alikataa tu. Zabibu zake zilitupwa katika matangi makubwa pamoja na za kila mtu, zikapotelea humo au zikawa brandi. Mwanzoni mwa karne hii mtaalamu wa mizabibu, Rosa Kruger, akaanza kuzunguka akiitafuta, shamba kwa shamba, akiuliza wazee. Kutokana na kazi hiyo ukazaliwa mwaka 2016 mradi wa mizabibu mikongwe, na leo mvinyo uliotoka kwenye mizabibu ya miaka 35 au zaidi unaweza kubandikwa muhuri wenye mwaka ambao mti ulipandwa. Nauona muhuri huo kuwa miongoni mwa mambo ya haki yaliyofanywa na biashara ya vileo. Unamwambia mnywaji umri wa kitu kilichomvumilia mpaka akafika.

Na huko ndiko liliko jibu langu kwa anayeuliza aonje nini. Aache kwanza mwekundu mtamu wa kila grosari. Atafute Chenin Blanc ya Swartland, au ya Skurfberg katika bonde la mto Olifants, ya mizabibu isiyomwagiliwa maji, mifupi, iliyosimama peke yake bila waya kama vichaka. Ndani yake atakuta limau, nyasi kavu na asali. Atafute Cinsault, zabibu nyekundu iliyowahi kutawala Rasi kisha ikadharauliwa kwa kuwa nyepesi. Ipozwe kidogo, na ladha yake itamkumbusha rosela. Pinotage, ambayo Abraham Perold aliipata Stellenbosch mwaka 1925 kwa kuizalisha Pinot Noir na hiyohiyo Cinsault, ina jina kubwa kuliko mzazi wake huyo wa pili, na mimi namchagua mzazi. Na akibahatika, aonje Semillon ya Franschhoek. Kuna shamba pale lililopandwa 1905 ambalo bado linazaa. Mvinyo wa Semillon ukikaa miaka, hunukia nta ya nyuki. Mtoto wa Kibondo aliyekulia karibu na mizinga ataitambua harufu hiyo kabla ya mtaalamu yeyote, na hakuna shule iliyomfundisha.

Kulikuwa na miaka, ile ya utawala wa ubaguzi wa rangi, ambayo mvinyo huo haukustahili kuingia kinywani mwa Mtanzania, na ni vizuri tukumbuke. Tarehe 26 Juni 1959 Julius Nyerere alisimama London miongoni mwa waliohutubia mkutano uliozindua kampeni ya kususia bidhaa za Afrika Kusini. Kususia kunaonekana kitu kidogo, kuacha chungwa, kuacha sigara, kuacha chupa. Lakini ndicho alichoweza kufanya mtu aliye mbali. Kisha mwaka 1964 wapiganaji wa ANC wakapewa kambi Kongwa, katika nchi kavu ya Dodoma, wakalala chini ya mbuyu na vumbi wakisubiri kurudi kwao. Wengine walitoka katika nchi ya mizabibu, wakajikuta katika nchi nyingine ya mizabibu. Dodoma inavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Rasi haiwezi. Ina Chenin Blanc ileile, na ina nyekundu yake inayoitwa Makutupora, ambayo nje ya Tanzania ni wachache waliowahi kuisikia. Tuliisusia chupa ya makaburu kwa heshima, kisha ubaguzi ulipokoma mwaka 1994 tukaifungulia mlango, nayo ikaja ikakaa mbele ya chupa ya Dodoma kwenye rafu zetu. Hilo la pili halikuwa lazima.

Lakini Buha haina zabibu, ina nyuki. Mashariki ya Kibondo nchi inateremka kuelekea Moyowosi na mabonde ya Malagarasi, miombo isiyo na mwisho, mitundu na miyombo na mininga. Mapori hayo hayakubaki wazi kwa bahati tu. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa sehemu hizi na kuwakusanya katika makazi ya pamoja kwa sababu ya malale. Watu wakaondoka, ndorobo na nyuki wakabaki. Tangu hapo mrina asali wa Kibondo ni mtu wa kwenda mbali. Hutundika mizinga ya magogo na ya magome juu ya miti, huondoka, hurudi majira yakifika, hupanda usiku na mwenge wa moshi, na hushuka na masega ambayo kila moja ni kumbukumbu ya maua ya mwezi fulani. Yeye anajua. Mpe asali ya baada ya mvua kuisha na asali ya kabla ya mvua kuanza, atakutenganishia bila kufikiri, atakwambia ni mti gani ulikuwa ukichanua, na bonde gani. Ujuzi huo ndio ambao kule Rasi unaandikwa kwenye lebo kwa herufi za dhahabu. Hapa unaishia mezani kando ya barabara, pale asali ya mabonde manne inapochanganywa katika ndoo moja na kupimwa kwa lita.

Asali ikitiwa maji na chachu huwa wanzuki, mvinyo wa asali unaojulikana tangu Tabora hadi Kigoma. Wanzuki mzuri ni mkavu kuliko unavyodhani, umetuama, una rangi ya chai nyepesi, na mwishoni unaacha moshi wa mwenge ule. Una ndugu wengi. Wahabeshi wana tej, wanayoitia majani ya gesho na kuipa heshima ya kinywaji cha taifa. Wakikuyu na Wakamba wana muratina, inayochachushwa kwa tunda la mwegea. Na huko Afrika Kusini kwenyewe, kabla ya merikebu yoyote ya Waholanzi, Wakhoi walichachusha asali kwa mizizi ya mimea ya jangwani, na Waxhosa wakawa na iQhilika yao. Huu ndio mvinyo wa Afrika Kusini usiojulikana kuliko wote, na ndio wa zamani kuliko wote. Mwanzoni mwa karne hii mtafiti wa Chuo Kikuu cha Rhodes, Garth Cambray, aliufanyia utafiti na kuanzisha kiwanda chake katika mji wa Makhanda, enzi hizo Grahamstown, iQhilika ikaingia kwenye chupa na kuanza safari. Nani angedhani kwamba tukiichimba orodha ya vinywaji vya Rasi mpaka chini kabisa, chini ya Pinotage na Chenin na Constantia, tungekuta wanzuki?

Hapo ndipo ninapoukataa usemi tuliolelewa nao, kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Namwona mrina asali wa Kifura au Mabamba akiamini maneno hayo maisha yake yote, akingoja kizuri chake kijiuze, huku chupa ya mtu mwingine ikijitembeza mpaka mlangoni kwake. Wahenga haohao walituachia neno la kweli zaidi: ukiona vyaelea, vimeundwa. Constantia iliundwa. Muhuri wa mizabibu mikongwe uliundwa, na mwanamke mmoja aliyekubali kutembea mashamba. Ntsiki Biyela alitoka kijijini KwaZulu-Natal bila kuwahi kuonja mvinyo, akaenda Stellenbosch kusomea kazi hiyo katika lugha ya Kiafrikaans asiyoijua, akawa mwanamke Mweusi wa kwanza nchini mwake kuwa mtengeneza mvinyo, na alipoanzisha mvinyo wake mwenyewe akaupa jina la bibi yake, Aslina. Katika milima ya Kasulu wapo bibi wanaojua kwa kidole tu kama juisi imekubali au imekataa, wanaojua mtama wa kuusaga nusu na mtama wa kuusaga laini. Ujuzi wao ni mkubwa sawa na wa yeyote mwenye cheti, na hakuna chupa yenye jina la hata mmoja wao.

Wapo wasomaji wangu wasiokunywa, kwa dini au kwa uamuzi, na Kigoma ni mkoa wa misikiti mikongwe na makanisa yanayokesha. Siwaombi waonje. Nao wanajua, kama ninavyojua, kwamba kileo kimevunja nyumba nyingi katika vilima hivi, kwamba gongo imepofusha watu, na kwamba tarehe 1 Machi 2017 serikali ilipopiga marufuku viroba, vile vipakiti vya pombe kali vilivyouzwa kwa bei ya pipi, wazazi wengi walishukuru. Mimi nilikuwa miongoni mwa walioshukuru. Kiroba kilikuwa kinywaji kisicho na mahali, kisicho na msimu wala mwenyeji wa kukuonjea kwanza, na kilinyweka peke yake, haraka, kituoni. Chungu cha ndizi kina macho ya wazee juu yake. Ninapotetea kinywaji kinachojulikana kilikotoka natetea pia kiasi, kwa sababu mtu anayeuliza asali hii ni ya bonde gani ameshapunguza mwendo wa glasi yake.

Pombe ya ndizi, kwa upande wangu, na ibaki. Arusha kuna kiwanda, Banana Investments, ambacho tangu miaka ya 1990 kinafunga mvinyo wa ndizi kwenye chupa, na kimewapa wakulima soko, nakiheshimu. Lakini kile cha siku tatu, cha mirija na chungu, hakina haja ya kufika Dar es Salaam. Kinadai kwamba anayekitaka apande mwenyewe mpaka Heru Juu au Manyovu, akaribishwe, akae. Vitu vichache vya namna hiyo vimebaki, na nchi isiyo navyo haina sababu ya kutembelewa.

Asali ni jambo jingine. Yenyewe haiozi, inaweza kusafiri hadi mwisho wa dunia, na wanzuki ukitengenezwa kwa usafi na kupimwa unaweza kusafiri nayo. Hapo ndipo ninapotoa ombi, na nalitoa kwa majina. Halmashauri za Kibondo, Kakonko na Kasulu zina mapori, zina vikundi vya wafugaji nyuki, zina akina mama wanaojua kuchachua. SIDO, shirika la viwanda vidogo, na TBS, shirika la viwango, zipo kwa ajili ya kazi hii hasa. Kijengwe kiwanda kimoja kidogo cha mvinyo wa asali. Asali ya kila bonde ichachushwe peke yake, isichanganywe, na juu ya kila chupa liandikwe bonde, mwezi wa kurina, na jina la kikundi kilichopanda mti usiku. Kibondo haihitaji mzabibu hata mmoja ili kufanya hivyo.

Na wewe unayepita barabara ile, usinunue asali bila kuuliza imetoka pori gani na imerinwa mwezi gani. Muuzaji wa kwanza atacheka. Wa pili atakuitia aliyeirina. Msikilize huyo, mlipe anachostahili, kisha uandike alichokuambia.